Mwongozo kamili: Itambue tekno na ndugu zake kwa kujenga mdundo mmoja na kuugeuza

Maswali yanayokuja ni yale yale. Mtu anasikia wimbo wa klabu usio na gitaa wala mwimbaji, anauita tekno. Mwingine anatengeneza biti akikusudia tekno, akiwapelekea wenzake wanamwambia hiyo ni hausi. Wa tatu amekariri jedwali la kasi, yaani mapigo kwa dakika, 122 hausi, 130 tekno, 138 transi, na bado kila wimbo mpya unamwangusha.

Wote wanakwama mahali pamoja. Wanadhani majina ya muziki wa elektroniki yote yanapima jambo moja. Hayapimi jambo moja. Jina moja linakueleza kiki, ile ngoma nzito ya chini, inapiga wapi, jingine linataja chombo kilichotumika, jingine kasi, jingine namna wimbo unavyopanda na kushuka. Ndiyo maana wimbo mmoja unaweza kubeba majina mawili na yote yakawa sahihi.

Kwa hiyo hapa hatutakariri orodha. Utajenga mdundo mmoja wa tekno, halafu utabadilisha kitu kimoja kimoja mpaka ugeuke kuwa jirani yake. Ukishaugeuza kwa mkono wako mwenyewe, sikio linakumbuka.

## Vitu vya kuandaa

Programu ya kutengenezea muziki. LMMS ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. BandLab ni ya bure pia, na inafunguka kwenye kivinjari au simu. Wengi wenu mna FL Studio. Inafaa sana kwa sababu gridi yake huanza na visanduku 16, na hivyo ndivyo tutakavyohesabu. Ukitumia toleo la majaribio la FL Studio, jua kwamba utahifadhi kazi lakini hutaweza kuifungua tena mpaka ununue leseni. Basi toa kila hatua kama faili ya WAV kabla hujafunga.

Hedifoni au spika yenye besi. Spika ya simu haitoshi. Nguvu ya kiki ya tekno imekaa karibu na Hz 50, na spika ndogo ya simu huko chini haifiki. Utakuwa unarekebisha kitu usichokisikia.

Sauti sita tu: kiki, hai-hati (visahani vya ngoma) iliyofungwa, hai-hati iliyo wazi, makofi, sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali), na sintesaiza (kinanda cha elektroniki) moja yenye filta, yaani kichujio cha sauti. Ukipata sampuli, yaani milio iliyorekodiwa, za mashine za ngoma za Roland TR-808 na TR-909, zitumie. Ni mashine za Kijapani za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya muziki huu imesimama juu ya milio yake.

Rekodi nne za kulinganishia: "Minimal Nation" ya Robert Hood wa Detroit (1994), "Can You Feel It" ya Mr. Fingers wa Chicago (1986), "Acid Tracks" ya Phuture, nao pia wa Chicago (1987), na "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa na Soulsonic Force wa New York (1982).

Unapozitafuta mtandaoni, andika majina hayo kamili. Ukiandika "tekno" peke yake utaletewa nyimbo za mwimbaji wa Nigeria mwenye jina hilo.

Neno moja la kukubaliana: nikisema *mzunguko*, nina maana ya visanduku 16, yaani mapigo manne ya mguu.

## Hatua ya 1: Weka kasi na kiki

Weka kasi 129. Si 130. Sababu utaiona kwenye hatua ya mwisho, kwa hiyo usiibadilishe.

Weka kiki kwenye visanduku vya 1, 5, 9 na 13. Kila pigo la mguu linapata kiki yake, bila kukosa.

Sasa pima urefu wa kiki. Kwa kasi ya 129, kutoka kiki moja hadi nyingine ni sekunde 0.465. Kiki ikivuma kwa muda wote huo, haiachi nafasi ya kitu kingine, na huko chini kutakuwa tope. Ifupishe ifikie kama sekunde 0.25 au 0.3.

Onyo: usiipandishe sauti mpaka taa nyekundu. Ilale karibu na desibeli 6 chini ya kilele. Bado kuna vitu vya kuingia, na ukianza ukiwa umejaza utalazimika kupunguza kila kitu baadaye.

Utajua umefaulu ikiwa unaweza kuuacha uzunguke dakika nzima na mguu wako haujakosea hata mara moja.

## Hatua ya 2: Hai-hati, na mahali wengi wanapodanganyika

Weka hai-hati iliyo wazi kwenye visanduku vya 3, 7, 11 na 15, katikati kabisa ya kiki mbili. Kisha weka iliyofungwa kwenye visanduku vyote 16, kwa sauti ya chini sana.

Simama hapo usikilize. Ulichonacho sasa kinasikika kama klabu, na mtu akipita atasema "hiyo tekno". Lakini mdundo huu ni mali ya ukoo mzima. Disko waliupiga kwa ngoma za kawaida kabla ya wote. Hausi inao. Transi inao. Kiki nne kwa mzunguko hazijakuambia lolote zaidi ya kwamba uko ndani ya boma hili. Nyumba gani, bado.

Hili ndilo kosa la kwanza kwa wingi, na nalisisitiza kwa sababu makosa mengine mengi yanazaliwa hapa.

## Hatua ya 3: Besi inayotoka ndani ya kiki

Hapa tekno ya leo inaanza kujitenga. Kwenye nyimbo nyingi za sasa, hasa zile za klabu za Berlin, huko chini hakuna besi inayopiga noti za wimbo. Kuna ngurumo, na ngurumo yenyewe imetolewa kwenye kiki ile ile.

Fanya hivi:

1. Nakili mstari wa kiki uwe na wa pili.
2. Kwenye nakala, weka mwangwi mrefu wa kama sekunde 2, na uondoe kabisa sauti kavu, ile isiyo na mwangwi, ibaki ya mwangwi tu.
3. Baada ya mwangwi weka filta inayokata kila kitu juu ya Hz 150.
4. Kata pia vilivyo chini ya Hz 35. Hivyo huvisikii vizuri, lakini vinakula nguvu ya spika.
5. Fanya ngurumo ishuke kila kiki inapopiga na ipande ikishapita. Programu nyingi zina kompresa, kifaa cha kubana sauti, inayoamrishwa na kiki. Kama yako haina, chora mstari wa sauti kwa mkono: chini kwenye visanduku vya 1, 5, 9 na 13, juu katikati.

Mpangilio huo usiuvuruge. Filta ikikaa baada ya mwangwi, inakata mlio wowote wa juu uliobaki na unapata ngurumo, si vumbi.

Onyo: ngurumo iwe mono, yaani iwe sawa kulia na kushoto. Besi iliyotandazwa pande mbili inaweza kusikika nzuri kwenye hedifoni na kutoweka kwenye spika za ukumbi, kwa sababu pande mbili zinafutana.

Utajua umefaulu kwa jaribio hili: zima kiki ya kwanza, bakiza ngurumo peke yake. Utasikia kitu kinachovuta na kuachia pumzi. Washa kiki tena, na ngurumo isisikike kama chombo cha pili bali kama kiki imekuwa kubwa.

## Hatua ya 4: Mlio mmoja, hatua tatu tatu

Chukua sintesaiza. Chagua noti moja tu, tuseme A. Ifanye fupi, ya mdonyoo. Sasa iweke kila baada ya visanduku vitatu: 1, 4, 7, 10, 13, 16, halafu uendelee kwenye mzunguko wa pili na wa tatu bila kuanza upya. Tumia gridi ya visanduku 48, na mlio utakaa kwenye 1, 4, 7 na kuendelea mpaka 46. Jumla ni milio 16.

Hesabu ni rahisi. Kiki inakwenda nne nne, mlio unakwenda tatu tatu, na vinakutana mwanzoni tena baada ya mizunguko mitatu. Kati ya hapo mlio unateleza juu ya kiki, na kila mara unaiangukia mahali tofauti. Aliyekulia karibu na ngoma za Afrika Mashariki hatapata shida na hili. Tatu juu ya nne ni kitu ambacho mwili wake unakijua. Wanaopata shida ni wale walioanza na programu moja kwa moja, ambao hubana kila kitu ndani ya visanduku 16 na kushangaa kwa nini biti yao inachosha baada ya sekunde ishirini.

Sasa filta. Ianze imefungwa, karibu na Hz 300, na ifunguke polepole hadi Hz 4000 kwa muda wa mizunguko 32. Kwa kasi yetu hiyo ni dakika moja kasoro kidogo.

Noti haijabadilika, wala mpangilio. Lakini msikilizaji anasikia safari, kwa kuwa rangi ya sauti inabadilika. Hapa ndipo penye moyo wa jambo: tekno husimulia kwa rangi ya sauti kabla ya kusimulia kwa noti. Sikiliza "Minimal Nation" sasa hivi, baada ya kufanya hatua hii. Robert Hood anashikilia vitu vichache sana na kuvigeuza kidogo kidogo, na utasikia mkono wake kwenye vitufe kwa sababu wewe mwenyewe umetoka kuvishika.

Onyo: hamu ya kuongeza melodi itakujia hapa. Izuie. Ukiongeza melodi sasa, hutajua kama mdundo wako unajitegemea.

## Hatua ya 5: Upange kwa kuondoa

Tandaza kazi yako iwe dakika tatu. Usiongeze chombo kipya. Kila mizunguko 16, ambayo ni karibu nusu dakika, ondoa kitu au rudisha kitu: hai-hati itoke, ngurumo itoke, kiki ikae kimya mizunguko miwili halafu irudi.

Mwanzo na mwisho uwe na kiki na hai-hati tu kwa angalau nusu dakika. Si uvivu. Nyimbo hizi zimetengenezwa ziunganishwe na DJ, na sehemu hizo tupu ndizo anapounganishia. Wimbo wa tekno unaosikika mtupu ukiwa peke yake mara nyingi ni nusu ya kitu. Nusu nyingine ni wimbo utakaopigwa juu yake.

Utajua umefaulu ukiweza kusikiliza dakika zote tatu bila mkono kwenda kwenye kitufe cha kusimamisha. Hifadhi faili, iite *tekno 129*, na usiiguse tena. Kila hatua inayofuata ianze na nakala yake.

## Hatua ya 6: Igeuze iwe hausi

Fungua nakala. Shusha kasi iwe 122, usikilize. Ni hausi? Hapana. Ni tekno iliyochoka. Kasi peke yake haikufanya kitu, na ni vizuri ulisikie hilo kwa masikio yako.

Sasa badilisha haya, moja baada ya jingine:

- Weka makofi kwenye visanduku vya 5 na 13.
- Washa swingi kwenye hai-hati, karibu asilimia 56 hadi 58, ili visanduku vya nambari shufwa vichelewe kidogo. Mdundo utaanza kutembea kwa nyonga.
- Ondoa ngurumo. Weka besi inayopiga noti za wimbo kwenye nafasi kati ya kiki.
- Ule mlio wa noti moja ufanye kordi ya noti nne: A, C, E na G. Iache ivume kwa muda mrefu.

Ile kordi ndiyo inayovusha. Mara tu inapoingia, chumba kinapata joto. Linganisha na "Can You Feel It": Larry Heard, ambaye ndiye Mr. Fingers, anakupa kordi na besi iliyojaa hisia, na ngoma zinabaki kuwa sakafu.

Onyo: mpaka hapa si ukuta. Kevin Saunderson wa Detroit, mmoja wa waanzilishi wa tekno, alikuwa na kundi la Inner City lenye mwimbaji na kordi angavu. Ukikutana na wimbo kama huo usipoteze saa ukibishana. Uko kwenye kizingiti, na wapo wanamuziki wanaoishi hapo maisha yao yote.

## Hatua ya 7: Asidi, jina lisilohusu mdundo

Rudi kwenye *tekno 129*, fungua nakala. Badala ya mlio, weka mstari wa besi wa visanduku 16 wenye noti za karibu karibu, baadhi zikiteleza kutoka moja kwenda nyingine, baadhi zikisisitizwa. Pandisha rezonansi ya filta, yaani kitufe kinachokazia sauti pale filta inapokatia, mpaka ianze kulia kama inapiga mluzi, halafu zungusha filta huku biti inacheza.

Mlio huo ulitoka kwenye Roland TB-303, mashine iliyotengenezwa kuanzia 1981 hadi 1984 ili impigie mpiga gitaa besi akifanya mazoezi. Haikuuzika vizuri, ikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya chini, na vijana wa Phuture huko Chicago wakazungusha vitufe vyake kwa namna ambayo watengenezaji hawakuikusudia.

Sasa fanya jaribio lenye faida kuliko yote. Chukua mstari huo huo wa besi na uuweke kwenye faili ya hausi. Unakaa. Uweke kwenye faili ya tekno. Unakaa pia. Asidi ni jina la sauti, na sauti inahama nyumba. Basi mtu akikuuliza "hii ni asidi au tekno?", swali lake halina upande; inaweza kuwa zote mbili.

## Hatua ya 8: Transi

Nakala nyingine ya tekno. Kasi 138. Besi fupi kwenye visanduku vitatu vilivyo kati ya kila kiki mbili. Juu yake weka kordi nne zinazofuatana, A ndogo, F, C, G, zikipigwa noti moja moja kwa haraka.

Kisha fanya kitu ambacho tekno ingekataa: katikati ya wimbo ondoa kiki kwa mizunguko 16 nzima, acha melodi ipande peke yake, halafu irudishe kiki kwa kishindo.

Transi imejengwa kuelekea pale kiki inaporudi, na tekno inakaa ndani ya mwendo wenyewe. Ukisikia wimbo unaokuandaa kwa jambo kubwa linalokuja, na jambo hilo likaja na melodi, umeshajibu.

## Hatua ya 9: Elektro, kwa kuvunja kiki

Hatua hii ni fupi kwa kazi lakini ni ya maana. Fungua nakala ya tekno, usiguse kasi. Futa kiki ya visanduku 5, 9 na 13. Weka kiki kwenye 1, 7 na 11, na sneya kwenye 5 na 13. Zima ngurumo. Tumia sampuli za TR-808.

Kasi ile ile, sintesaiza ile ile, na mwili unacheza tofauti kabisa. Hiyo ni elektro. Linganisha na "Planet Rock", ambayo iliazima kutoka kwa Kraftwerk wa Ujerumani ikaipeleka New York.

Elektro ni ndugu mkubwa wa tekno kwa maana ya kweli: mikono ni ile ile. Juan Atkins alifanya elektro Detroit akiwa na kundi la Cybotron, ambalo lilitoa "Clear" mwaka 1983, kabla hajaanza kutoa rekodi kwa jina la Model 500 mwaka 1985. Kwa hiyo ukimsikia DJ wa tekno akipiga elektro katikati ya usiku, hajapotea njia.

## Hatua ya 10: Dramu-na-besi, na dabustepu kwa kupita

Nakala. Kasi 172. Kiki kwenye 1 na 11, sneya kwenye 5 na 13. Besi iwe ndefu, ya kuburuta, inayokwenda kwa nusu ya kasi ya ngoma.

Sikiliza mara mbili. Kwanza fuata ngoma: unakimbia. Kisha fuata besi: ni 86, unatembea. Muziki huu wa Uingereza unaishi kwenye kasi mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana programu za kupima kasi mara nyingi huuandikia 86. Ngoma zake nyingi zilikatwa kutoka kwenye sekunde chache za ngoma za "Amen, Brother" ya The Winstons ya mwaka 1969, zikaharakishwa na kupangwa upya.

Dabustepu, ya kusini mwa London, fanya hivi: kasi 140, kiki kwenye 1, sneya kwenye 9 peke yake. Utasikia nafasi kubwa katikati. Hiyo inatosha kuitambua.

## Hatua ya 11: Singeli, gqom na amapiano haziko chini ya tekno

Hapa wasomaji wa nyumbani wanateleza, na linaniuma kidogo kwa sababu muziki huu ni wetu.

Chukua *tekno 129* na uipandishe hadi 220. Wengi wanaamini watapata singeli. Sikiliza. Umepata kitu kilicho karibu na gaba, muziki mkali wa klabu wa Rotterdam, kiki inayogongomea kama nyundo. Singeli haipo humo, kwa sababu singeli haikuanzia kwenye kiki. Ilikulia Dar es Salaam ikitokana na mchiriku: lupu (kipande kinachojirudia) fupi ya kinanda au kipande cha taarab kilichoharakishwa, ngoma zinazokimbia juu yake mara nyingi kupita 200, na MC ambaye mdomo wake ni chombo sawa na vingine. Ukitaka kuikaribia, futa kila kitu, anza na lupu ya kinanda ya visanduku 16, na kiki iingie ya mwisho.

Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, ilianza kutoa singeli mwaka 2017, na tangu hapo ma-DJ wa Ulaya wanaipiga usiku mmoja na tekno. Kukutana kwenye klabu hakufanyi moja kuwa tawi la nyingine. Ni miti miwili.

Gqom ya Durban ina giza na ukavu ambao mpenzi wa tekno ataupenda mara moja, lakini kiki zake zimevunjwa. Hazipigi kila pigo la mguu. Amapiano iko karibu zaidi na hausi, kwa kasi ya 112 hivi, na utaitambua kwa ile besi ya logi-dramu inayogonga na kuteleza.

## Hatua ya 12: Mtihani kwa wimbo usioujua

Chukua wimbo wowote wa elektroniki. Jiulize kwa mpangilio huu, na usianze na kasi.

Kiki iko kila pigo la mguu? Kama hapana, uko kwa elektro, dramu-na-besi, dabustepu au gqom. Angalia sneya inarudi wapi.

Nini kinabadilika? Kama ni kordi na mwimbaji, elekea hausi. Kama ni rangi ya sauti huku noti zimesimama, elekea tekno.

Kiki ikiondoka, inaondoka kwa muda gani? Mizunguko miwili mitatu ni kawaida ya tekno. Kimya kirefu chenye melodi inayopanda ni transi.

Kuna mlio wenye jina lake? Asidi, logi-dramu. Ongeza jina hilo juu ya jibu ulilopata, usilifute.

Kasi iwe ya mwisho. Sababu yake ni ya kimashine: santuri inayopigwa kwenye Technics SL-1200 ya kawaida inaweza kuharakishwa au kupunguzwa kwa asilimia 8. Wimbo wa 125 unatoka kwenye spika ukiwa 135. Aliyekariri jedwali tayari amekosea, na wimbo haujabadilika.

Utajua umefaulu si kwa kutaja jina haraka. Umefaulu ukiweza kusema ni kitu gani kimoja ungebadilisha ili wimbo huo uhamie kwa jirani.

## Hatua ya 13: Ziunganishe

Toa *tekno 129* kama WAV tofauti tofauti, yaani mlio wa hatua ya 4 peke yake, kiki peke yake na ngurumo peke yake, na ile ya dramu-na-besi ya 172 kama WAV moja. Fungua mradi mpya, uweke kasi 129, na uzime uwezo wa programu kunyoosha sauti ili ifuate kasi. Weka faili zote zianze sekunde ile ile.

Zima kwanza ngurumo na kiki ya tekno, ubakize ule mlio wa tatu tatu wa hatua ya 4. Uupige pamoja na dramu-na-besi.

Unakaa sawasawa. Visanduku vitatu kwa kasi ya 129 ni sawa na pigo moja la mguu kwa kasi ya 172, kwa kuwa 129 ikigawanywa kwa 3 na kuzidishwa kwa 4 inatoa 172 kamili. Mizunguko mitatu ya tekno ni mizunguko minne ya dramu-na-besi. Ndiyo maana nilikuzuia usiweke 130.

Sasa rudisha kiki ya tekno polepole. Kwa muda utasikia miendo miwili inayovutana. Fuata mlio tu, usifuate kiki yoyote. Baada ya mizunguko mitatu vyote vinatua pamoja. Hapo unaweza kuondoa tekno na kubaki na dramu-na-besi, au kinyume chake, na mchezaji hatakosa hatua. Ikiwa vinapishana kidogo kidogo, tatizo ni mojawapo kati ya mawili: faili ya WAV ina kimya kifupi mwanzoni, basi kikate, au programu bado inanyoosha sauti, basi irudie mipangilio yake.

Ukimaliza, jaribu vivyo hivyo na faili ya elektro. Hiyo haihitaji hesabu: kasi ni moja, mlio ni mmoja, na kinachobadilika ni mahali kiki inapoangukia.